Kiswahili cha Nchi Gani

Usiku wa Alhamisi, Al-Khoudh, kiyoyozi kinakohoa,
nimechomeka flashi ubavuni mwa laptopu
niliyoinunua Ruwi kwa riyali thelathini na tano
kwa Mbaluchi aliyeniapia haijawahi kuanguka,
na kona yake moja imebonyea kama kopo lililokanyagwa.

Mfumo wa zamani ulikuwa ukiamka kwa maringo:
nainjika birika, nachuja kahawa, natafuna tende mbili,
nao bado unazungusha kijiduara chake.

Huu mpya ukaniuliza kwa herufi nyeupe: Nifute diski yote?
Kidole kikasita.
Mlikuwa humo na watu nisiowajua,
harusi ya mtu Sohar, ankara za muuza saruji,
mtoto aliyejipiga picha mia na paka yuleyule.
Nikasema bismillahi kama anayechinja.
Nikabonyeza.

Dakika kumi na moja. Nilizihesabu.

Kisha: Chagua lugha.
Nikaiteremka orodha kama ngazi za jumba lisilo na lifti,
hadi nikakikuta.
Mama, njoo uone, kimo!
Bi Zuwena akaja na kanga yake ya kuswalia,
miwani juu ya paji la uso,
na papo hapo likazuka swali la pili:
Kiswahili cha nchi gani?
Kenya. Kongo. Tanzania. Uganda.
Nikafuta kioo kwa ncha ya mkono wa nguo,
pengine vumbi limeifunika ya tano.
Mama akatazama, akatazama.
"Basi sisi humu ndani tunasema nini? Kikorea?"

Nikachagua Tanzania, maana kazaliwa Wete,
saa nikaipa Maskati,
na mashine ikakubali yote mawili bila kuguna,
jambo lililomsimamisha marehemu baba miaka sita
mbele ya madirisha ya uhamiaji.

Sasa naiona. Uwanja mtupu wa kijani cha bahari,
hakuna alama hata moja juu yake,
kama sebule iliyopigwa deki kabla ya wageni.
Inawaka sijakaa vizuri.
Printa iliyoniliza mwaka jana imeitambua yenyewe.
Herufi ni nyembamba, zinahitaji kulishwa.
Sauti haitoki: nimeipandisha hadi mwisho, kimya.
Na pale panapotupwa mafaili pameandikwa Takataka.
"Huyu mkweli," mama akasema.
Kwenye pembe: 22:40.
"Saa nne na dakika arubaini," akaisahihisha,
kwa sauti ileile anayowasahihishia wajukuu.

Halafu akataka kuandika.
Barua kwa Salha, mdogo wake, kwa kidole kimoja cha shahada:
Salha, nnakwambia, joto la huku hata ndege hatui.
Chini ya nnakwambia ukatambaa mstari mwekundu.

"Huo wa nini?"
Hailijui neno, mama.
"Hailijui."
Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa.
"Imeingia leo nyumbani kwangu.
Mie nnasema nnakwambia tangu sijaota meno ya mbele.
Ijulishe."

Nikabonyeza kulia. Ongeza kwenye kamusi.
Mstari ukatoweka kana kwamba umeona haya.

Mama akavuta kiti.
Ntakuja, akasema. Ongeza.
Nshachoka. Ongeza.
Khalafu. Hapo tukabishana kidogo, mimi nilifundishwa halafu,
akanitazama kama aliyeazima kitu na kukirudisha pungufu.
Ongeza.

Barua ya Salha imebaki mstari mmoja.
Kahawa imepoa, sukari imeganda chini ya kikombe.
Saa saba na robo, tumefika kwenye khabari,
kwa kha, si kwa ha, anasisitiza,
anaitoa kooni nipate kuisikia vizuri,
na spika bado bubu,
hiyo nitaishughulikia kesho.