Mama Ingia Pole

Kambi ya polisi, Soroti, tuliishi kwenye kibanda cha bati,
mviringo kama sufuria iliyofudikizwa.
Jina lake lilikuwa onyo: Mama Ingia Pole,
maana mlango ulikuwa chini, na asiyeinama
alivuna nundu ya paji.
Dirisha halikuwepo. Baba alikuwepo,
Koplo Emorut, amerudi lindo la usiku,
anakohoa ndani ya blanketi la serikali
ili asituamshe.

Nilikuwa na miaka sita. Nilipumua.
Kosa langu ni hilo tu.

Miaka thelathini kifua hakikuniuma.
Ni utumbo ulionigeuka.
Amiba, wakasema. Taifodi. Jirani akasema nimerogwa
na mke mwenza ambaye mume wangu hajamwoa bado.
Flajili nilimeza mpaka ulimi ukawa na ladha ya sarafu.
Mwisho Mulago, kamera ikapita njia yote,
na Dakta Kyomukama akaandika kwa herufi kubwa: KROHN.
Nikalibeba neno hilo nyumbani kama barua ya mtu mwingine.

"Askari wa mwili wako wanakupiga wewe mwenyewe.
Tutawalaza."
Mtoto wa kambi, nikacheka.
Nani amewahi kulaza askari bila waragi?

Kabla ya sindano walinipima. Walinichoma mkono,
wakangoja siku mbili uvimbe usiokuja.
Lakini prednisoloni nilikuwa naimeza tangu Pasaka;
walinzi wamekwisha sinzia, nani angepiga kengele?
Picha ya kifua ilikuwa safi kama shuka la wageni.

Sindano ya kwanza, nikala atapa kwa mchuzi wa karanga
bila kukimbia.
Ya pili, nikacheza harusini.
Ya tatu, shuka likaanza kulowa usiku.

Daktari akainua picha mpya kwenye mwanga, akanyamaza.
Nimekulia Teso, sikuhitaji mkalimani:
mapafu mawili, na ulezi umemwagwa humo,
punje kwa punje, kama wa kuanikwa.

Kumbe alikuwa ndani siku zote,
mgeni wa baba. Aliinama mlangoni, akaingia pole,
akakaa pembeni miaka thelathini
akisikiliza viatu vya zamu.
Vilipokoma, akasimama.

Sindano ikakatizwa. Mkojo ukawa rangi ya chungwa.
Na askari wakaamka, lo,
na hasira za mtu aliyefumaniwa amelala lindoni,
wakamwaga marungu bila kuuliza jina:
tezi za shingo zikavimba kama viazi.
"Dawa inafanya kazi. Ni wao wanaopiga kupita kiasi."
Akanirudishia prednisoloni, kidogo,
kama anayetia chumvi kwenye chungu cha mkwe.
Utumbo nao ukaona nafasi, ukaja na damu yake.
Sasa nikipiga magoti sijui nimwombee nani alale,
nani akeshe.

Mama aliniuliza kama namlaumu marehemu.
Blanketi lile lilikuwa na matundu mawili.
Nilikuwa nikimchungulia kwa mojawapo:
ameuma sufu, macho yametoka, ananikonyeza.

Binti yangu Apolot amepewa vidonge vya kinga.
Anavilamba kwanza, akitafuta utamu.
Nyumba yangu ina madirisha manne,
nalala yote yakiwa wazi.
Mbu wanaingia. Hao hawana habari ya pole.