Herufi Mbili

Mimi sina. Hilo ndilo la kwanza nililoambiwa:
kromosomu Y hutoka kwa baba ikaenda kwa mwana,
kwa mwana ikaenda kwa mjukuu, na binti hurukwa
kama kidato kibovu cha ngazi.
Basi nikaenda kuomba mashavu ya wanaume.

Ami Shekuwe alifunga kibanda chake cha saa
pale Mwembe Tayari, saa nne unusu, mchana kweupe,
akasukutua, akapiga bismillahi,
akaachama kama mtoto anayengoja tone la chanjo.
Nikazungusha kijiti cha pamba nusu dakika.
"Usikwangue sana, mwanangu,
utawapelekea na mkate wa mayai niliokula asubuhi."

Alitaka jambo moja tu: karatasi ya kumfunga mdomo
Bwana Mahfudhi, ambaye kila harusi hukumbusha watu
kwamba sisi ni wa kuja juzi.
Ukutani kwa Ami pana shajara, wino mweusi juu ya kadibodi,
majina kumi na moja hadi kwa mtu wa Barawa.
Hamna mwanamke hata mmoja.
Wanaume wamechipuza wanaume, kama migomba.

Kijiti cha pili nilimpa Twalib, kaka yangu.
"Wa nini, na damu ni moja?"
"Uhakika," nikasema.
Neno jepesi hilo, ukilitamka kabla.

Wiki tisa.
Niliifungua bahasha pale pale Posta, Digo Road,
nimebanwa baina ya mtu wa pensheni
na mwanamke aliyekumbatia feni mpya.
Ami: tawi la J.
Twalib: tawi la E.
Vipimo thelathini na saba; vilivyooana, tisa.
Karani aliniuliza mara mbili kama nataka stampu.

J na E.
Ziweke pamoja, uzisome.

Je?

Je, ni Nana, Bi Mwanahalima,
aliyelala Kikowani na hawezi tena kuulizwa?
Je, ni mama?
Je, ni watu wa maabara, wamechanganya vijiti,
na mimi niruhusiwe kuamini hivyo mpaka kesho?
Nilikuwa nikimtafuta mtu wa miaka mia tatu,
nimegonga mlango wa chumba cha pili.

Nilimkuta mama barazani anachagua mchele.
Hakuinua uso.
"Yamekuja?"
"Bado."
Akatoa chuya moja, akatoa ya pili,
akaziweka ukingoni mwa uteo.
"Kitanda hakizai haramu," akasema,
akiuambia mchele, si mimi.

Jioni akapita Twalib. Alivua viatu mlangoni,
akavigonganisha kisigino kwa kisigino, mara tatu,
kama Ami, kama baba alivyokuwa akifanya,
kukung'uta mchanga ambao haukuwamo.
Alileta saa ya mama, ameitia betri.
Kabla ya kumvisha aliiweka sikioni,
akafumba jicho moja, akasikiliza,
vile Ami alivyomfundisha akiwa na miaka saba,
amesimama juu ya kreti la soda ili aifikie meza.
Nikamtazama mno. Akasema, "Nini?"
Nikasema, "Umenenepa."

Ami amepiga simu mara nne.
Nitampa yake: J, na Barawa yake akiitaka,
aitundike kando ya kadibodi, Mahfudhi aje asome
na miwani yake, mbele ya watu.

Karatasi ya pili nimeikunja, nikaikunja tena,
mpaka ikawa ndogo kuliko kucha,
nikaitia ndani ya kopo la iliki.
Wanaume wa nyumba hii, wa J na wa E,
hawajawahi kutia mkono humo.