Swali la Kumi na Nne

Dodoso limekuja na zamu ya usiku,
kurasa nne, pini moja, wino bado unanuka:
Madaktari walio masomoni na maadili ya tiba.
Usiandike jina. Weka alama kwenye kisanduku.
Ni saa nane, hospitali ya Ibra, chumba cha madaktari,
kiyoyozi kinakohoa kuliko wagonjwa wangu,
na juu ya sahani ya karatasi tende tatu
alizoziacha Dokta Qais, bingwa wetu,
ambaye upasuaji na tende huvimaliza kwa mwendo mmoja.

Umewahi kufundishwa maadili? Ndiyo.
Wapi? Darasani, alasiri za Alhamisi,
nusu yetu tukisinzia, nusu tukinakili.
Kiapo unakikumbuka?
Nikatafuta kisanduku cha kiasi cha kuona haya.
Hakipo. Nikatia alama kwenye "kiasi".

Swali la kumi na nne:
mgonjwa ni mtu mzima, akili zake timamu.
Nani aambiwe kwanza ugonjwa wake?
Mume. Mwana wa kiume. Mgonjwa mwenyewe.
Yeyote aliyekuja na gari.
(Hilo la mwisho nimeliongeza mimi.)
Mkono ukaenda wenyewe kwa mgonjwa
kama punda ajuaye njia ya nyumbani.
Nimepata. Najua nimepata.

Na kitanda cha sita amelala Bi Ghaniya binti Sefu,
mzaliwa wa Wete, miaka hamsini yuko huku
na Kiarabu chake bado kinachechemea.
Jana asubuhi, mbele ya macho yangu haya,
mwanawe Mundhir alimtilia saini,
kanzu nyeupe pe, kalamu ya kuazima, yangu,
akaninong'oneza: Mwambie ni jipu.
Nami niliyelelewa ndani ya lugha yake
nikamwambia ni jipu.
Kwa Kiswahili safi. Bila kigugumizi.
Jipu, bibi. Dogo tu.
Akauliza kama Jumatano atakuwa ametoka,
ana meza yake soko la wanawake,
udi wa watu, madeni ya watu.

Bibi yangu akisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.
Hakusema neno juu ya anayefichiwa.

Nikaliacha dodoso. Nikaziacha tende.
Nilimkuta macho, tasbihi kidoleni,
nikavuta kiti, nikaanza vibaya:
Bibi, lile jipu…
Nikaanza tena, vibaya zaidi,
nikasema saratani, nikasema titi la kushoto,
nikasema saa mbili asubuhi, na kwamba anaweza kukataa,
na kwamba aliyemdanganya ni mimi, si mwanawe.

Akanyamaza. Dripu ikaendelea kuongea peke yake.
Kisha: "Nani alokufunza Kiswahili?"
Bibi yangu, wa Chake.
"Ndo maana unasema uongo kwa adabu."

Akataka karatasi nyingine.
Akaniuliza kila mstari, na mstari mmoja mara mbili,
ule wa kitakachotokea kama hataki.
Akaandika jina lake kwa herufi za chuoni,
polepole, kama mtu atiaye uzi sindanoni.
Halafu akanishika mkono wa koti:
"Mundhir asijue kuwa najua.
Hana kifua mtoto yule."
Akajitazama upande wa kushoto, akacheka puani.
"Sasa tutakuwa wawili."

Saa kumi na moja. Dodoso liko palepale,
tende moja imenata kwenye ukurasa wa tatu.
Swali la kumi na tano ni la siri za wagonjwa.
Visanduku viwili tu.
Saa moja Mundhir ataingia na chupa ya kahawa,
ataniuliza kwa macho kwanza, kisha kwa mdomo:
Hajui kitu, sivyo, daktari?
Nimekwisha kunawa mikono mara tatu.