Chini ya Wekundu

Vazha aliifungua kamera yangu kuukuu
mezani pake, chumba cha chini ya ardhi, Tbilisi,
akabandua kigae chembamba cha kioo mbele ya kihisi
(bawabu, alikiita, anayewafukuza wageni)
akabandika kingine, cheusi kama kaa la jana.
"Kuanzia leo haioni uonacho wewe," alisema,
akihesabu lari zangu kwa vidole vyenye gundi.
"Usije kunigombeza."

Siku ya kwanza nilitamani kumgombeza.
Kila picha ilitoka kama imechovywa kwenye maji ya bitiruti,
doa jeupe limekaa katikati kama chongo,
na ukali wa picha umehamia nyuma ya nilichokilenga.
Nikapiga magoti uani, nikaielekeza kwenye majani,
nikaiambia: huu ndio weupe. Anzia hapa.
Ikakubali, kama mtoto aliyepewa uongo mmoja
akaujengea nyumba, ghala na zizi.

Kisha nikaipeleka Kakheti, kwa shangazi Tsiala.

Ilikuwa Julai, jua limepandwa na hasira.
Kwenye kioo cha nyuma, mizabibu ilikuwa imevaa barafu,
safu kwa safu, jani kwa jani, baridi isiyoumiza mkono.
Mto Alazani ulikuwa wino.
Mbingu ilishuka na giza lake hadi kwenye vigae vya mapaa,
na milima, ambayo utusitusi wa joto huimeza tangu asubuhi,
ilikuja ikasimama karibu, mikunjo yake yote wazi,
kama watu waliokuwa mlangoni muda mrefu
wakingoja kuambiwa, "Piteni."

Nikaanza kufyatua ovyo. Mbwa. Kisima. Ngazi iliyovunjika.
Mijozi miwili nyuma ya nyumba,
aliyoipanda marehemu Nodar mwaka walipooana:
mmoja ulitoka mweupe, umefura kama povu la maziwa;
mwenzake ulikuwa kijivu, kijivu cha jivu lililolowa.
Nikainua macho. Yote miwili kijani.
Nikatazama kioo. Nikainua macho tena.
Kijani, kijani, yaliapa macho yangu.

"Na mimi je?" akauliza Tsiala, ndoo ya jibini mkononi.
Miaka kumi na tisa hajavaa ila nyeusi.
Aliweka ndoo chini, akafunga kifungo cha shingoni,
akasimama kando ya jiko la nje
kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Nilisita kumwonyesha.
Uso laini, wa nta, usio na hata kunyanzi moja.
Macho, mashimo mawili ya lami.
Na gauni, lile gauni la eda aliyojipa mwenyewe,
lilikuwa rangi ya uji.
Birika tu, lenye masizi ya miaka, ndilo lililobaki jeusi kweli.

Alinyamaza. Nilisikia nyuki kwenye mizabibu.
Akashika pindo la gauni, akalisugua kwa vidole,
akalitazama juani: jeusi. Akatazama kioo.
"Mturuki wa sokoni Telavi aliniapia
weusi wake hautoki hata kwa magadi."
Kisha akacheka, cheko la kupindua ndoo,
akajifuta macho kwa mkono wenye chumvi ya jibini.
"Kaniibia yule! Miaka yote hii
namlilia mume wangu kwa nguo ya harusi."

Akatulia. Akasema, taratibu sasa:
"Usiwaonyeshe watu wa kanisani."
Na baada ya kitambo:
"Hebu niione tena."

Nikampa. Aliishika kamera kwa mikono miwili
kama bakuli la supu lililojaa pomoni.
Kidole gumba chake kikaanza kupapasa kitufe
cha kurudi nyuma, aone na nyingine.
Nikakiwahi.
"Betri inakwisha, shangazi," nilisema,
nikaizima,
tukaenda kula chini ya ule wa kijivu,
ambao kivuli chake, mchana ule,
hakikuwa na tundu hata moja.