Kola na Mlenda

Mchana nashona sare za shule:
kola bapa, vifungo vinne, mfuko mmoja kushoto.
Miaka kumi na saba, kola ni ile ile.
Usiku, Chang'ombe ikishanyamaza,
naisogeza cherehani dirishani
nishone nguo za watu waliokufa
kabla reli haijafika hapa,
pengine kabla ya yule tembo kuzama
akauachia mji jina.

Nilianza na mwanasesere wa mtumba,
shilingi mia tano, jicho moja,
nywele zimeliwa na panya.
Velveti niliitoa kwenye pazia,
upande ambao jua halikuuona.
Mbavu za kiunoni ni mikanda ya plastiki
ile inayofungia marobota.
Sketi ya ndani ina pete za waya
nilioupata Hombolo, kwenye kichanja
cha mizabibu iliyokufa.
Ukiupasha moto, naapa, unanukia mvinyo.

Kola ndiyo kazi.
Mita tano na nusu za utepe mweupe,
kunja nane, nane, nane,
mpaka vidole visahau kuhesabu.
Wanga wa muhogo naupika mwenyewe,
mwepesi, kama uji wa mgonjwa.
Naanika ndani. Nje, mwezi wa nane,
upepo wa Dodoma haubishi hodi.
Mara moja tu niliisahau kambani,
ikarudi na rangi ya barabara.

Mama aliitazama ilivyokaa shingoni,
duara, kama alizeti iliyopauka.
"Sasa huyu," akauliza, "mlenda alikuwa anaulaje?"
Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.
Swali lake sijalijibu hadi leo.
Ukinyanyua tonge, ule uzi wa mlenda
utatua wapi, kama si kwenye mikunjo mia mbili?

Mwalimu Chilewa, jirani, hakucheka.
"Wajukuu wa hao walikuja hapa
kutuhesabu vichwa kwa ajili ya kodi.
Leo unawashonea?"
Nilikuwa na pini mdomoni.
Nilipozitema, alishafika kwake.
Ningemwambia: malkia simjui.
Namjua aliyekaa na mshumaa, macho yanawasha,
akapiga mshono wa nyuma kama huu,
akalipwa kidogo au asilipwe,
na mchoraji alipofika
akaambiwa atoke, anaziba mwanga.

(Mwanasesere wa pili kichwa kinachomoka.
Nimempa gauni la mke wa pili wa mfalme yule.
Wanaosoma watanielewa.)

Mwaka huu nimethubutu kipimo cha mtu.
Gauni ni la dada yangu Sechelela,
lakini Sechelela yuko Manyoni,
na pacha wake, Ndahani, yuko gereji hapo nyuma,
bega lile lile, kiuno kile kile.
Nikamwita. Akaja na grisi.
Nikamnawisha mpaka kwenye viwiko,
nikamkaza kamba za mgongoni.
"Usipumue."
"Nisipumue mpaka lini?"

Ndipo akaingia mama mmoja kuchukua sare.
"Mbukwenyi!" akasema, kisha akanyamaza.
Akamzunguka kaka yangu taratibu,
mikono ya puto, lulu za ushanga,
kola, na juu ya kola zile ndevu.
"Hiyo ni sare ya shule gani?"
Hatukumjibu.
"Ada yake itakuwa kubwa," akasema,
akahesabu chenji, akaenda.

Umeme ukakatika.
Ndahani hawezi kukaa, pete zinagoma.
Mlangoni hapiti.
Nikamsikia gizani akijipapasa mapajani,
velveti inachakacha.
"Nilitaka simu, nimulike.
Gauni lote hili halina mfuko?"
"Halina. Alikuwa na watu wa kumbebea."
"Mimi sina."

Nikapapasa meza, nikaipata chaki,
nikaufuata mshono kwa kidole,
ubavu wa kushoto,
nikitafuta pa kufumua.