Kopo la Barabara ya Kumi

Bombo, damu imeshuka, saba kwenye karatasi,
Tanga yote yazunguka, nakwenda kwa wasiwasi,
Nesi Mgaza kafoka: "Kula majani, upesi!"
"Mie mbuzi, ewe nesi?" Nikatoka mlangoni.

Ni barabara ya kumi, duka lina kiyoyozi,
Kijana mwenye ulimi wa kuuzia hirizi:
"Hili, bibi, hata mimi hulinywa nendapo kazi."
Pesa yote ya mbaazi ikaingia koponi.

Mwanzange nikafungua: unga kijani, mkavu,
Harufu naitambua, lakini nina uchovu,
Mwantumu kalichukua, mjukuu wangu mwerevu,
Kasoma kwa utulivu maandishi mgongoni.

"Chuma kingi," akasema, "na chokaa ya mifupa,
Macho nayo yatazama, nguvu zashinda za papa…"
Kisha kasita, kakwama, kidogo angelitupa:
"Bibi, huu upo hapa! Mlonge wetu uani!"

Mlonge! Nguzo ya ua, naanikia kaniki,
Majani ikija mvua nafagia kama taki,
Mbuzi ndiye alojua, hula kama ana haki,
Yeye damu haishuki, na hajalipa dukani.

Mama akitupikia, nakunja uso, nanuna,
"Mboga ya dhiki!" nalia, "ya leo ndiyo ya jana!"
Leo ninailipia kwa bei ya kutukana,
Kisa imepewa jina na kifuniko kichwani.

Leo chuma nimechuma, nazi mbili na dagaa,
Tui zito linahema jikoni kwenye mkaa,
Mbuzi wangu atazama, amepigwa na butwaa.
Kopo nalo litafaa kumnyweshea bandani.