Wiki ya Nne

Vishikizo kumi na viwili, ubavu wa kushoto.
Ndahani huvifunga kuanzia chini,
goti kiunoni mwangu kama anayekaza gunia la karanga.
"Vuta pumzi." Navuta robo tu.

Nje, Nkuhungu, upepo wa Septemba
umeshatia vumbi kwenye madumu.
Fulana hii haijui joto. Inabana,
inawasha palipopita nyuzi,
inanilazimisha niketi wima kama mgeni.

Usiku naifua kwa sabuni ya mche,
naianika chumbani, juu ya kitanda,
wapangaji wasije wakauliza ni ya nani.
Saa mbili bila yake, kifua chepesi, kigeni,
nakishika kwa viganja
nisijue nikipe pole au hongera.

Ndahani ndiye aliyeniita Mama Lishe, darasa la sita,
na shule nzima ikaitikia.
Miaka kumi na tisa nikavaa koti,
hata shambani Mpunguzi, jua la utosi,
tukichuma zabibu.

Hatujawahi kulizungumza.
Leo amefika kishikizo cha mwisho, akasita.
"Nimekubana sana?"

Kidogo, nikasema.
Legeza hicho cha juu.